Ukitua KIA usiku, usiukimbilie mlima

 

Juma hili nimechomoa barua moja kutoka katika rundo lililo mezani pangu, kwa maana maswali yaliyomo ni ya nyumba nyingi wakati huu ambapo watu wanapanga likizo ya Desemba. Imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Komarock, hapa Eastlands, naye ameomba jina lake lisitajwe.

Bintiye anasoma Uholanzi. Mwezi wa Desemba atakuja likizo pamoja na wanafunzi wenzake wawili, lakini hawatatua Nairobi kwanza. Wamekata tikiti hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kule Tanzania, ule ambao wenyeji huuita KIA, ili wapande mlima kisha ndipo waje Komarock kula Krismasi. Watatua saa mbili usiku. Kampuni waliyoipata imewaahidi kuwaanzisha safari ya mlima asubuhi ya kesho yake, siku tano kwenda na kurudi. Mama naye amekata shauri kwenda Moshi kumlaki binti, akiandamana na kitinda mimba wake wa miaka minane na mama mkwe ambaye hajawahi kuvuka mpaka.

Anauliza mambo matatu. Vijana watatokaje uwanjani hadi mjini usiku ule? Yeye na wenzake watafikaje Moshi kutoka Komarock? Na je, ni sawa mtu kuteremka kwenye ndege leo na kuanza kupanda mlima kesho? Swali hilo la mwisho ameliandika kwa haraka chini ya ukurasa, kana kwamba ni la nyongeza tu. Kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote, na nitakaa nalo zaidi. Lakini tuanze na njia.

MJI CHINI YA THELUJI

Wenzetu wa Ulaya wamezoea safari za namna hii. Mtu hutua Geneva, akapanda basi, na baada ya kilomita 90 hivi yuko Chamonix, mji ulio chini ya mlima Mont Blanc, tayari kuvaa mbao zake na kuteleza juu ya theluji. Mchezo huo si mgeni kwetu kabisa. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa pwani yetu aliyekulia Austria, alituwakilisha kule Pyeongchang, Korea Kusini. Hata Kilimanjaro wenyewe umewahi kutelezewa: mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kileleni na kuteremka sehemu ya barafu kwa mbao.

Siku hizi hakuna anayekwenda Moshi na mbao za kutelezea. Barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeyeyuka kwa zaidi ya asilimia 80. Iliyobaki ni vipande kwenye kilele, na watu hupanda kwa miguu ili kuiona kabla haijaisha. Lakini safari yenyewe ni ile ile: uwanja wa ndege tambarare, mji mdogo chini ya mlima, na mlima.

Kuna jambo ambalo wakazi wa Nairobi hushangaa kulisikia. Moshi uko chini kuliko Komarock. Mji huo uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, ilhali sisi huku Eastlands tunakaa kwenye mita 1,600 hivi. Kwa hiyo mama, lile sweta zito unalotaka kumvika mtoto mtalibeba bure mkiwa mjini. Desemba Moshi ni joto. Baridi iko juu, mahali ambapo wewe na mtoto hamwendi.

KUTOKA UWANJANI HADI MJINI

Uwanja wa KIA ulifunguliwa mwaka 1971. Uko katikati ya Arusha na Moshi, na kwenda mji wowote kati ya hiyo miwili ni kilomita 45 hivi hadi 50. Haumo ndani ya mji. Umejengwa nyikani, kilomita kadhaa kutoka barabara kuu, na usiku hakuna daladala inayokuja mlangoni kukuita.

Mchana mtu mwenye begi moja anaweza kuchukua pikipiki au teksi hadi njia panda, kisha akadandia Coaster zinazotoka Arusha kwenda Moshi kupitia Boma Ng'ombe. Ni nauli ndogo na safari ya kawaida. Lakini usiku, vijana watatu wenye mabegi makubwa na simu ambazo bado hazina laini ya Tanzania, njia hiyo naifuta kabisa. Hakuna sababu ya kusimama kizani kwenye njia panda ili kuokoa pesa kidogo baada ya kulipa tikiti ya ndege kutoka Ulaya.

Basi wafanye hivi. Gari liagizwe mapema kupitia hoteli watakayolala au kampuni itakayowapandisha mlima, na aghalabu nauli hiyo huwa imo katika bei ya safari. Waulize na waandikiwe. Siku moja kabla ya kuruka watumiwe jina la dereva, nambari yake ya simu na nambari ya gari, na nakala ya hayo uwe nayo wewe mama. Wakitoka nje watafute bango lenye majina yao. Mtu akija bila bango na kuwaambia, "Mimi ndiye nimetumwa," wamuulize awataje majina yao kabla wao hawajamtajia. Dereva wa kweli atayajua.

Asipotokea mtu, wasitoke nje ya uwanja. Teksi za uwanjani zipo kila ndege kubwa inapotua. Wapatane bei kabla ya kupakia mabegi, waulize kama bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, na wapige picha nambari ya gari kisha wakutumie.

Sasa tuhesabu saa. Ndege ikitua saa mbili, kuna foleni ya viza kwa wale wageni wawili, kuna kusubiri mabegi, na kuna mwendo wa karibu saa nzima hadi Moshi. Wakilala mapema sana itakuwa saa tano usiku. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

KUTOKA KOMAROCK HADI MOSHI

Wewe mama una njia tatu za barabara, na ya nne ya hewani.

Ya kwanza ni ile inayojulikana na wengi, ya Namanga. Magari madogo ya abiria hutoka katikati ya jiji kila siku kwenda Arusha na Moshi. Nairobi hadi Namanga ni kilomita 160 hivi, Namanga hadi Arusha 110, na Arusha hadi Moshi 80. Kwa mwenye mtoto na mzee nahesabu siku nzima, kuanzia alfajiri hadi alasiri. Uzuri wake ni kwamba hubadilishi gari mara nyingi, na tangu mwaka 2018 maafisa wa nchi zote mbili pale Namanga hufanya kazi mahali pamoja, hivyo foleni ni moja.

Ya pili ni kupitia Mombasa Road hadi Emali, kisha Loitokitok, mkavukia mpaka Tarakea na kuuzunguka mlima kwa upande wa mashariki hadi Marangu, Himo na Moshi. Ni ya kupendeza macho, kwa maana mlima unakuwa karibu nanyi muda mrefu. Lakini mtabadilisha magari mara kadhaa. Mwenye gari lake ataifurahia, ila mwenye nyanya na mabegi atachoka.

Ya tatu ni kupitia Voi na Taveta hadi Holili. Inawafaa walio Mombasa na Taita kuliko sisi wa Nairobi.

Ya nne ni ndege. Kutoka JKIA, ambayo ni jirani yenu pale Embakasi, mtakaa angani chini ya saa moja. Mkichagua hiyo, kaeni upande wa kushoto wakati wa kwenda ili muuone mlima, na kulia wakati wa kurudi.

Mwenye kuendesha gari lake ajue kwamba trafiki wa Tanzania hawana mchezo na mwendo. Ukiingia kijijini na kuona kibao cha 50, ni 50 kweli, na kile kifaa chao cha kupimia mwendo, ambacho wenyeji hukiita tochi, hukaa mahali usipopatarajia.

Neno jingine kuhusu Desemba. Wachagga wanaofanya kazi Dar es Salaam na kwingineko hurudi kwao kwa wingi kula Krismasi, hadi Watanzania hutania kwamba wanakwenda "kuhesabiwa". Kuanzia tarehe 20 hivi mabasi ya kuelekea Moshi hujaa na nyumba za wageni hupungua. Wekeni nafasi mapema.

KARATASI

Watu wengi hukwama hapa, kwa sababu wamesikia kwamba Afrika Mashariki ni moja. Ni kweli kwamba Mkenya hahitaji viza kwenda Tanzania. Lakini kitambulisho pekee, kinachokubalika kwa Uganda na Rwanda, hakitoshi kwa Tanzania. Kila mmoja wenu, pamoja na huyo mtoto wa miaka minane, awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Ya mtoto iambatane na cheti cha kuzaliwa, na kama baba yake abaki nyumbani, barua fupi ya idhini yake itakuepushia maswali mengi.

La pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo wasafiri wanaotoka Kenya huulizwa. Chanjo ni mara moja kwa maisha, lakini huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo usiingoje wiki ya safari. Na huyo mama mkwe, ikiwa ametimiza miaka 60, asidungwe kabla ya kuonana na daktari, maana kwa wazee chanjo hii inahitaji tahadhari. Daktari akiona haifai, anaweza kumwandikia cheti cha kumsamehe.

Binti yako naye abebe pasipoti yake ya Kenya. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ya hifadhi iliyo ndogo mno ikilinganishwa na ya wageni, lakini ni kwa kuonyesha karatasi. Kusema tu kwamba kwetu ni Komarock hakutamsaidia langoni.

Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2019, miaka miwili baada ya sisi.

LUGHA NA PESA

Kiswahili chetu na chao ni kimoja, ila kimevaa nguo tofauti. Matatu kwao ni daladala. Makanga ni konda. Tuktuk ni bajaji. Steji ni stendi au kituo. Ukiambiwa "buku", ni shilingi 1,000 za kwao. Mwambieni nyanya mapema kwamba huko ataitwa bibi, na asiudhike, kwa maana nyanya kwao ni ile ya kupikia mchuzi. Na mume wako akiwapigia simu akisema anamtafuta "bibi yangu", watampa mama yake badala ya mkewe.

Kubwa zaidi ni adabu. Sisi wa Nairobi tumezoea kuingia dukani na kusema, "Nipe soda." Kule mtu husalimia kwanza, mzee hupewa shikamoo, kisha ndipo huomba: "Naomba soda." Ukiifuata desturi hiyo utaona bei zinalainika na njia zinaelekezwa kwa moyo. Ukikosa, hutatukanwa, lakini utahudumiwa kama mpita njia.

Kuhusu pesa, shilingi yetu moja imekuwa ikicheza kati ya 15 na zaidi ya 20 za kwao katika miaka ya karibuni. Uliza kiwango cha siku hiyo kwenye benki kabla ya kufika mpakani, wala usibadilishe kwa vijana wanaozungukazunguka magari. Tangu mwaka 2025 Tanzania imekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, hivyo kuwa na shilingi zao mfukoni.

MLIMA HAUNA HARAKA

Sasa tuje kwenye lile swali la chini ya ukurasa.

Mama, binti yako atatoka Uholanzi, nchi ambayo hata uwanja wake mkuu wa ndege uko chini ya usawa wa bahari. Atalala Moshi kwenye mita 900. Siku ya kwanza mlimani kwa njia ya Marangu atalala Mandara, mita 2,720. Siku ya pili Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu kibanda cha Kibo, karibu mita 4,700, na usiku wa manane aamshwe kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Hiyo ndiyo safari ya siku tano. Angalia hesabu: kila usiku anapandishwa mita 1,000.

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda kwenda kulala juu zaidi. Safari ya siku tano inakwenda kwa mwendo maradufu ya huo. Sababu ni hewa. Kule kileleni kila pumzi uvutayo ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Mwili unaweza kujizoeza, lakini hujizoeza kwa siku, na haujali una haraka kiasi gani.

Utasema, binti huyu ni mtoto wa Nairobi, alizaliwa juu. Hilo halimkingi. Mwili husahau mazoea hayo ndani ya wiki chache mtu akikaa tambarare, na Nairobi yenyewe haijafikia urefu wa kumfundisha mtu mita 4,000. Utasema tena, ni kijana, anakimbia kila asubuhi. Hilo nalo halimkingi. Ugonjwa wa mlima humpata mwanariadha kama unavyompata mtu wa ofisini, na mara nyingine humpata mwanariadha haraka zaidi kwa sababu yeye hukimbilia juu na huona haya kusema anaumwa.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu na usingizi mbaya. Mwenye dalili hizo asipande tena siku hiyo. Abaki alipo, anywe maji, apumzike, na zisipopungua ateremke. Zipo dalili nyingine ambazo hazingoji asubuhi: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka, kukohoa mapovu, au kuhema ilhali amekaa tu. Hapo ubongo au mapafu yamejaa maji. Dawa ya kweli ni moja, kuteremshwa mara hiyo hiyo, usiku au mchana, mvua au jua. Kila mwaka mlima huu huua watu, na miongoni mwao wamo waliokuwa wazima kabisa siku tatu kabla.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Asianze kesho yake. Atakuwa amelala saa chache tu, kama tulivyohesabu. Begi lake likichelewa Amsterdam, kama yanavyochelewa mabegi, atapanda na viatu vya kuazima. Na mchovu hawezi kutambua kama kichwa kinamuuma kwa safari au kwa mlima.

Lakini nisikudanganye kwamba siku moja Moshi itamzoesha na hewa ya juu. Haiwezi, Moshi uko chini mno. Siku hiyo ni ya usingizi, ya kungoja begi, na ya kukutana uso kwa uso na mwongozaji wake. Mazoea ya mwili yatatoka kwenye siku atakazoongeza mlimani. Kwa njia ya Marangu achague siku sita, mbili akilala Horombo: siku ya ziada hutembezwa juu kuelekea Mawenzi kisha akarudi kulala pale pale. Wenye nafasi zaidi hutumia njia ya Machame kwa siku saba au Lemosho kwa siku nane, na hao ndio hufika kileleni kwa wingi zaidi. Kuhusu vidonge vya acetazolamide, amuulize daktari wake huko Uholanzi kabla ya kuondoka, wala asipewe na rafiki.

Krismasi haitawapita. Wakitua tarehe 13, wapumzike 14, wapande 15, washuke 20, walale Moshi, na tarehe 21 muanze safari ya nyumbani pamoja.

ULIZENI KABLA YA KULIPA

Tanzania hairuhusu mtu kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji aliyesajiliwa, na hilo ni jema. Lakini waongozaji wanatofautiana, na kampuni pia. Binti aandike maswali haya na asitume pesa kabla ya kujibiwa. Je, kampuni ina leseni? Ada za hifadhi zimo katika bei? Kuna chupa ya oksijeni na kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni? Waongozaji ni wangapi, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine wasiachwe? Mwongozaji akisema rudi, ana mamlaka ya kukurudisha? Na bima ya binti inalipia uokoaji kwenye mita 6,000? Bima nyingi za wanafunzi huishia chini ya hapo.

Aulize pia wapagazi wanalipwa na kulishwa vipi. Sheria ya hifadhi inaweka mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, mtu fulani anailipia, na mara nyingi ni yule kijana anayebeba hema akiwa na viatu vilivyotoboka. Huyo naye ana mama yake kijijini anayemngoja ashuke salama.

NANYI MNAONGOJA CHINI

Kitinda mimba hataweza kwenda kileleni, kwa maana walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi. Lakini mnaweza kumpeleka Marangu kwa siku moja, aone maporomoko ya Kinukamori na aingie msitu wa mlima. Mkiwa na nguvu, yapo matembezi ya kutwa kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kurudi, ila ni saa nyingi kwa miguu midogo, kwa hiyo geukeni njiani bila aibu. Kwa siku ya joto kuna chemchemi za Chemka upande wa Boma Ng'ombe, maji maangavu ambayo watoto hawataki kutoka. Bibi, kama anavyoitwa sasa, mnywesheni mtori mzuri wa ndizi, na mkamwonyeshe mashamba ya kahawa. Wachagga wameiuza kahawa yao kwa ushirika kupitia KNCU tangu mwaka 1933, na mzee aliyewahi kulima atapata mengi ya kuzungumza na wenyeji.

Usiku wa nne wa safari ya siku sita ndio wa kupanda kileleni, na huko simu hushika mahali na kukosa mahali. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba kimya cha siku moja si habari mbaya, na uwe na nambari ya ofisi ya kampuni pale Moshi, si ya mwongozaji peke yake.

Neno la mwisho ni kwa binti mwenyewe, kama mama atamsomea ukurasa huu kwenye simu. Mwongozaji wako atakuambia "pole pole" mara mia kwa siku. Usidhani ni maneno ya kuwafurahisha watalii. Na ikiwa utafika mita 5,000 mwili ukakataa, geuka. Kilele kitakuwapo mwakani.

Wale wenye maswali ya safari nyingine za likizo, niandikieni mapema. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.